Panya, Hesabu na Istiara: Usimulizi wa Tauni katika Riwaya za Defoe na Camus

Utangulizi

Miongoni mwa maradhi yaliyoiachia fasihi ya ulimwengu urithi mkubwa, tauni haina mshindani. Boccaccio aliifanya tauni iliyoingia Florence mwaka wa 1348 kuwa mlango wa hadithi mia moja za Decameron. Daniel Defoe alichapisha A Journal of the Plague Year mwaka wa 1722, na Albert Camus akatoa La Peste mwaka wa 1947. Kati ya kazi hizi kuna karne nyingi, lakini zote zinakutana katika jambo moja: mji uliofungwa, watu wanaokufa kwa idadi isiyozoeleka, na msimulizi anayelazimika kueleza kwa nini yeye amebaki hai.

Wahakiki wengi wameikabili fasihi hii kwa kuuliza tauni inasimamia nini. Swali hilo lina uzito wake, ila limezoea kuruka hatua moja. Kabla ya tauni kusimamia kitu kingine, tauni ni ugonjwa. Una vimelea vyake, wanyama wanaoubeba, watu unaowaanza na watu unaowachelewea. Mtunzi anapoutwaa ugonjwa wa namna hii na kuugeuza kuwa ishara, kuna kinachopatikana na kuna kinachopotea. Makala haya yanadhamiria kuchunguza faida na hasara hiyo katika riwaya ya Defoe na ile ya Camus. Hoja inayotetewa ni kwamba usimulizi wa tauni hupata nguvu zake za kijamii pale unapoifuata njia ya ugonjwa wenyewe, nyumba kwa nyumba na tabaka kwa tabaka, na kwamba istiara, kwa kuhitaji mji mmoja wenye sauti moja, huwafuta baadhi ya wagonjwa. Suala hili halimhusu msomaji wa Ulaya peke yake. Nairobi, kama itakavyoonyeshwa, iliwahi kupangwa kwa kisingizio cha tauni.

Ugonjwa na jina lake

Tauni husababishwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis, aliyetambuliwa na Alexandre Yersin mjini Hong Kong mwaka wa 1894. Miaka minne baadaye, Paul-Louis Simond alionyesha mjini Karachi kwamba viroboto ndio wanaoutoa ugonjwa kwa panya na kuuingiza kwa binadamu. Panya anapokufa, kiroboto humhama na kutafuta damu nyingine. Aina inayojulikana zaidi ni ile ya mitoki, ambapo tezi za kinena, kwapa au shingo huvimba na kuuma. Isipotibiwa, aina hii huua kati ya asilimia 30 na 60 ya wanaoipata. Aina ya mapafu huambukizwa kwa matone ya kikohozi kutoka mtu hadi mtu, na bila tiba ya mapema ni nadra mgonjwa kupona. Siku hizi dawa za kuua bakteria huiponya tauni zikitolewa mapema. Hata hivyo, ugonjwa haujatoweka: umeendelea kuripotiwa Madagaska na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wilaya ya Lushoto nchini Tanzania iliandamwa nao kwa zaidi ya miaka ishirini kuanzia 1980.

Jina lenyewe lina mafunzo. Neno tauni limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kudunga au kuchoma kwa silaha. Ndani ya jina hilo mna mtu aliyechomwa na mkono uliomchoma. Kiswahili nacho kina namna mbili za kumtaja mgonjwa. Kwa namna ya kwanza, mtu hushikwa au hupatwa na ugonjwa. Ugonjwa ndio mtendaji, na mtu ni mtendwa asiye na lawama. Kwa namna ya pili, mtu huambukizwa. Hapo swali huzuka papo hapo: ameambukizwa na nani? Vitenzi hivi viwili vina falsafa mbili. Kimoja kinaielekeza akili kwenye kadari, na kingine kwenye uhusiano baina ya watu, na pengine kwenye kutafuta wa kulaumiwa. Fasihi yote ya tauni inaning'inia kati ya vitenzi hivi.

Mvutano huu haukuanzia Ulaya. Wanazuoni wa Kiislamu waliujadili kwa kina. Baada ya tauni ya karne ya 14, Ibn al-Khatib wa Granada alishikilia kwamba uambukizaji unathibitishwa na uzoefu na ushahidi wa macho, ilhali wengine walihofia kwamba kauli hiyo ingepunguza uwezo wa Mungu. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huu katika karne ya 15. Ni muhimu kuyakumbuka haya kwa sababu katika riwaya ya Defoe, ndugu ya msimulizi, mfanyabiashara aliyewahi kuishi ng'ambo, anawataja Waislamu wa Asia kama mfano wa watu wanaoikabili tauni kwa imani ya kadari tu, pasipo tahadhari. Riwaya inaipitisha kauli hiyo bila kuihoji. Huu ni mfano wa mapema wa jinsi tauni inavyotumiwa kuuchora mpaka kati ya "sisi" wenye akili na "wao" wasio nayo.

Defoe: usimulizi wa hesabu

Defoe alizaliwa yapata mwaka wa 1660, kwa hivyo alikuwa mtoto mdogo tauni ilipoipiga London mwaka wa 1665. Kitabu chake alikiandika zaidi ya nusu karne baadaye, wakati tauni ya Marseille ya 1720 ilikuwa imeitia Uingereza hofu. Hata hivyo kitabu kilitolewa kama kumbukumbu za mwenyeji aliyebaki mjini muda wote, mtengenezaji wa matandiko ya farasi anayetia sahihi kwa herufi mbili tu, H. F. Kuna aliyeweza kukiita kitabu hiki ughushi, na kuna aliyekiita historia. Makala haya yanakichukulia kama riwaya inayojifunza umbo lake kutokana na daftari la vifo.

Kila wiki parokia za London zilitoa orodha za waliokufa na sababu za vifo vyao. H. F. anazinukuu orodha hizo, anazilinganisha, kisha anazitilia shaka. Anagundua kwamba parokia inapodai kuwa na vifo vichache vya tauni, vifo vya homa na maradhi mengine hupanda kwa namna isiyo ya kawaida. Anahitimisha kwamba familia zinaficha, kwa sababu nyumba ikijulikana kuwa na mgonjwa itafungwa. Orodha rasmi zilihesabu zaidi ya watu 68,000 waliokufa kwa tauni mwaka ule, H. F. anaamini walifika 100,000. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha riwaya. Kati ya idadi ya serikali na idadi ya shahidi kuna watu zaidi ya elfu thelathini ambao hofu imewaondoa katika maandishi, na msimulizi anajipa kazi ya kuwarudisha.

Uzito wa njia hii unaonekana zaidi katika suala la kufunga nyumba. Amri ya mji ilitaka nyumba yenye mgonjwa ifungwe pamoja na wote waliomo, wazima kwa wagonjwa, mlango utiwe alama ya msalaba mwekundu, na mlinzi asimame nje usiku na mchana. H. F. mwenyewe anateuliwa kuwa mkaguzi wa nyumba na anaitafuta njia ya kujitoa. Hoja zake dhidi ya amri hiyo ni za kiutu na za kivitendo kwa pamoja: wazima wanahukumiwa kufa pamoja na wagonjwa, na waliofungiwa huwahonga walinzi, huwahadaa au huwashambulia, wakatoroka na kuueneza ugonjwa. Msomaji wa leo anaweza kuongeza hoja ambayo H. F. hakuwa nayo. Ikiwa ugonjwa umo katika panya wa darini na viroboto wa kwenye malazi, basi kuwafungia watu ndani ni kuwafungia pamoja na chanzo chenyewe. Msimulizi hakuujua ugonjwa, ila uaminifu wake katika kuhesabu ulimfikisha karibu na ukweli kuliko nadharia za zama zake.

Kejeli ya aina hiyo imo pia katika habari ya wanyama. Riwaya inaeleza kwamba mbwa na paka waliuawa kwa amri, na watu walikuwa wakitaja mbwa 40,000 na paka mara tano ya idadi hiyo. Panya nao walitegwa kwa sumu. Panya wanatajwa kwa haraka, kama jambo la pembeni, kisha usimulizi unaendelea na safari yake. Hapana sentensi katika kitabu hiki inayomsisimua msomaji wa baada ya Simond kuliko hiyo iliyoandikwa bila mwandishi kuujua uzito wake. Mhusika mkuu wa msiba anapita jukwaani, na hakuna anayemtambua.

Aidha, kuifuata njia ya ugonjwa kunamlazimisha Defoe kuonyesha matabaka. Matajiri wanatoka mjini kwa magari ya farasi mapema. Wanaobaki ni watumishi waliofukuzwa kazi, mafundi wasio na wateja na wajane. Hao ndio wanaoajiriwa kuwa walinzi, wauguzi na wachukuzi wa maiti, yaani ufukara ndio unaowapeleka kwenye mdomo wa kaburi. Kisa cha wanaume watatu wa Wapping, mwokaji biskuti aliyekuwa askari, mshona matanga na seremala, ni riwaya ndogo ndani ya riwaya. Wanapotaka kutoka London wanazuiwa na vijiji vya njiani, na hapo wanaanza kujadiliana juu ya haki: je, Mwingereza ana haki ya kutembea katika nchi yake, au haki hiyo ni ya aliye na mali tu? Mjadala huo haukupachikwa. Umezaliwa na tauni yenyewe, kwa sababu tauni ndiyo iliyoifunga barabara.

Haimaanishi kwamba Defoe hana kasoro. Wauguzi wanawake wa kimaskini wanasimuliwa kwa tuhuma nyingi, na ijapokuwa H. F. anakiri kwamba baadhi ya tuhuma hizo ni uvumi, anaendelea kuzisimulia. Hata hivyo, namna ya usimulizi inampa msomaji nyenzo za kumhoji msimulizi. Palipo na hesabu, pana uwezekano wa kuhesabu upya.

Camus: kutoka panya hadi istiara

Camus aliujua urithi huu. La Peste inatanguliwa na nukuu kutoka kwa Defoe, yenye wazo kwamba ni halali kukiwakilisha kifungo cha namna moja kwa kifungo cha namna nyingine. Kwa kuchagua nukuu hiyo, Camus anamwambia msomaji tangu mlangoni kwamba kitabu hiki ni istiara. Mwaka wa 1947 hapakuwa na msomaji wa Ufaransa aliyehitaji kuelezwa kifungo kinachokusudiwa: nchi ilikuwa imetoka katika ukaliaji wa Wajerumani miaka michache tu kabla.

Pamoja na hayo, sehemu za mwanzo za riwaya zinauheshimu ugonjwa kama ulivyo. Panya wa kwanza anaonekana tarehe 16 Aprili kwenye ngazi za jengo anamoishi Daktari Rieux. Siku ya tarehe 25 panya 6,231 wanakusanywa na kuchomwa. Tarehe 28 wanafika kama 8,000. Kisha panya wanakoma ghafla, na mji unashusha pumzi. Mwenye kuijua njia ya kiroboto anafahamu kwamba huo ndio wakati wa hatari: panya wamekwisha, na viroboto wanatafuta makazi mapya. Bawabu Michel anakufa, mitoki imemvimba. Camus, tofauti na Defoe, anakijua kisababishi, na anakitumia kujenga taharuki ambayo msomaji anaielewa kabla ya wahusika.

Hali kadhalika, tukio la madaktari kubishana juu ya neno ni miongoni mwa matukio bora ya riwaya. Hakuna anayetaka kulitamka neno tauni, kwa maana kulitamka ni kuilazimisha serikali kutenda. Suluhisho linalofikiwa ni kutenda kana kwamba ni tauni. Hapo Camus anaonyesha kwamba katika mikono ya watawala, utambuzi wa ugonjwa huwa jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la tiba. Mhakiki wa Kiafrika anayekumbuka muda uliopotezwa wakati UKIMWI ulipokuwa ukipewa majina ya kuzungukazunguka hahitaji maelezo zaidi.

Kuanzia malango ya mji yanapofungwa, usimulizi unabadilika. Msimulizi, ambaye mwishoni anajitambulisha kuwa ni Rieux, anazungumza kwa jina la raia wenzake wote. Kila mmoja ametenganishwa na ampendaye, kila mmoja anaishi uhamishoni katika nyumba yake mwenyewe. Jambo hili linafikia kilele katika mahubiri mawili ya Padri Paneloux. Katika mahubiri ya kwanza padri anawaambia waumini "ninyi": mmeadhibiwa, na mmestahili. Katika ya pili, baada ya kushuhudia kifo cha mtoto wa hakimu Othon, anasema "sisi". Badiliko hilo la kiwakilishi ndilo badiliko kubwa la kimaadili katika riwaya. Mbele ya tauni hakuna anayesimama nje na kuhukumu. Hivi ndivyo udhanaishi wa Camus unavyoivuka huzuni na kuwa mshikamano: ulimwengu hauna maana iliyotolewa tayari, ila watu wanaweza kuungana dhidi ya kifo bila ya kusubiri maana.

Swali ambalo riwaya hailijibu ni hili: "sisi" hiyo ina nani?

Habari iliyobadilishwa

Oran ilikuwa mji wa Algeria, nchi iliyotawaliwa na Ufaransa kuanzia 1830 hadi 1962. Hata hivyo, katika La Peste hakuna mgonjwa Mwarabu mwenye jina. Hakuna nyumba ya Mwarabu anamoingia Rieux, hakuna mama wa Kiarabu anayelia. Conor Cruise O'Brien alilishutumu pengo hilo mwaka wa 1970. Kabla yake, mwaka wa 1955, Roland Barthes alikuwa ametoa shutuma ya namna nyingine: kwamba kuuwakilisha ufashisti kwa ugonjwa ni kuuondolea uovu uso wa kibinadamu, kwani viroboto hawana itikadi wala hawatoi amri. Camus alijibu kwamba maana ya riwaya, yaani upinzani wa Ulaya dhidi ya Unazi, ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Shutuma hizi mbili kwa kawaida hujadiliwa kila moja peke yake. Ukweli ni kwamba zina mzizi mmoja, na mzizi huo unaonekana katika tukio fupi la mwanzo wa riwaya. Mwandishi wa habari Rambert anafika kutoka Paris na kumwendea Rieux. Kazi aliyotumwa ni kuchunguza hali ya maisha na afya ya Waarabu. Rieux anamuuliza kama gazeti lake litamruhusu kusema ukweli wote, hata ukiwa ni wa kulaani moja kwa moja. Rambert anakiri kwamba hapana. Rieux anakataa kumpa habari, kwa sababu hataki ushahidi wenye mipaka. Kisha anamdokezea kwamba kuna habari nyingine ya kuvutia ya kuandikwa: wingi wa panya wanaokufa mjini.

Tukio hili linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko lilivyozoea kuangaliwa. Kwa juu juu ni sifa ya Rieux: mtu asiyeukubali ukweli nusu. Kwa undani, ni mahali ambapo riwaya inabadilisha habari moja kwa nyingine. Habari ya Waarabu inawekwa kando kwa jina la ukweli mtimilifu, na habari ya panya inaanza. Habari ya kwanza hairudi tena. Rambert anafungiwa mjini, anapanga kutoroka, hatimaye anachagua kubaki na kusaidia, na uamuzi wake unasifiwa kuwa ushindi wa mshikamano. Hakuna anayemuuliza kuhusu uchunguzi aliotumwa, ijapokuwa sasa, tauni ikiwa imeenea, hali ya afya ya Waarabu ni swali la dharura kuliko lilivyokuwa Aprili.

Mtetezi wa Camus angeweza kusema kwamba Rieux anasimulia aliyoyaona tu, na kwamba ukimya huo ni wa mhusika, si wa mtunzi. Utetezi huo una kiasi chake cha ukweli. Rieux anasisitiza kwamba anashikamana na nyaraka na ushahidi alioupata. Lakini Rieux ni daktari katika mji uliofungwa, na ugonjwa anaoutibu ni ule unaopenda nyumba zilizosongamana, ghala za nafaka na mitaa isiyosafishwa. Ugonjwa huo ungempeleka kwa lazima katika mitaa ambayo riwaya haiitembelei. Kwa maneno mengine, uhalisia wa tauni wenyewe unaukana ukimya wa msimulizi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Camus hakujua. Mwaka wa 1939, akiwa mwandishi wa gazeti la Alger Républicain, aliandika mfululizo wa makala kuhusu njaa na ufukara wa watu wa Kabylia, kwa takwimu za ujira na nafaka. Yaani aliwahi kuifanya kazi ya Rambert, na aliifanya vyema. Pengo la La Peste halikutokana na upofu wa mtu asiyewahi kuona. Limetokana na mahitaji ya umbo. Ili Oran iweze kusimamia Ufaransa iliyokaliwa, ilipaswa kuwa mji wa watu wamoja walioonewa na nguvu iliyotoka nje. Mji wenye watawala na watawaliwa ndani yake usingeweza kubeba istiara hiyo, kwani baadhi ya waliofungwa wangekuwa pia walinzi wa gereza. Hapa ndipo Barthes na O'Brien wanapokutana. Istiara iliyomnyima mtesaji uso ndiyo hiyo hiyo iliyomnyima Mwarabu jina.

Tauni na ramani ya Nairobi

Ingekuwa rahisi kuyachukulia haya kama ugomvi wa Wafaransa. Historia ya miji ya Afrika hairuhusu. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya wakuu. Mlipuko uliporudi miaka iliyofuata, tauni iliendelea kuwa hoja katika mijadala ya mpango wa mji. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza usafi wa miji ya eneo hili, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa misingi ya rangi. Nairobi haikuwa peke yake. Mjini Cape Town mwaka wa 1901, Waafrika waliondolewa kwa nguvu na kupelekwa Uitvlugt, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni. Mjini Dakar mwaka wa 1914, tauni ilizaa mtaa wa Médina. Mwanahistoria Maynard Swanson, katika makala yake ya 1977 kuhusu Afrika Kusini, alionyesha jinsi lugha ya usafi na maambukizi ilivyogeuka kuwa lugha ya kuwagawa watu.

Jambo la kuzingatia kwa mhakiki ni kwamba yaliyotendeka katika miji hii yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, kazi ya jazanda. Panya hatambui rangi ya mwenye ghala. Lakini mara tu Mhindi au Mwafrika alipofananishwa na uchafu wenyewe, hatua kutoka kuua panya hadi kuhamisha watu ilikuwa fupi. Kwa hivyo Susan Sontag, aliyeonya mwaka wa 1978 na tena mwaka wa 1989 kwamba mafumbo yanayouzunguka ugonjwa humdhuru mgonjwa, alikuwa akisema jambo ambalo wakazi wa soko lile la Nairobi walikwisha kulijua kwa moto.

Msomaji wa Nairobi anayeifungua La Peste anakutana na mji wa kikoloni wenye tauni ambamo mitaa ya wenyeji haionekani. Anajua kutokana na historia yake kwamba katika mji kama huo mitaa hiyo ndiyo iliyoonekana kwanza, na macho yaliyoiona yalikuwa ya mkaguzi na askari. Ukimya wa riwaya na kelele za mkaguzi zinaonekana kuwa kinyume, ila zina tokeo moja: mwenyeji hazungumzi. Kwa mkaguzi yeye ni chanzo cha ugonjwa. Kwa msimulizi wa istiara hayupo. Kwa wote wawili, si mgonjwa.

Fasihi ya Kiswahili nayo haijaepukana na suala hili. Riwaya za UKIMWI, kama Ua la Faraja ya William Mkufya iliyotoka mwaka wa 2004, zimelazimika kuchagua kati ya vitenzi viwili vilivyotajwa awali. Ugonjwa unaoambukizwa kwa mapenzi unaivuta kalamu upande wa hukumu: nani alimwambukiza nani, na kwa uzinzi gani. Mtunzi anayeufanya ugonjwa kuwa ishara ya uozo wa maadili anarudia, pasi na kujua, mahubiri ya kwanza ya Paneloux, yenye "ninyi" nyingi. Anayetaka kufika kwenye mahubiri ya pili hana budi kukumbuka kwamba "sisi" isiyotaja mishahara, hospitali, safari za kutafuta kazi na utegemezi wa wanawake ni "sisi" ya haraka mno.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuishusha La Peste. Tukio la kifo cha mtoto wa Othon, mahubiri mawili, na ubishi wa madaktari juu ya neno vitaendelea kusomwa, na vinastahili. Onyo la ukurasa wa mwisho, kwamba kimelea hakifi bali hulala miaka mingi katika samani na nguo, lilithibitishwa na historia kwa namna ambayo istiara haikuitazamia: Juni 2003, baada ya zaidi ya nusu karne ya ukimya, tauni halisi ya mitoki ilizuka katika eneo la Oran. Tauni iliyorudi haikuwa ishara ya utawala wowote. Ilikuwa ugonjwa, na iliwapata wakazi wa Kehailia, kijiji cha Waalgeria.

Tokeo hilo linatoa kipimo cha kuzisoma riwaya hizi mbili pamoja. Imezoeleka kumwona Defoe kama mkusanyaji wa habari na Camus kama mwanafalsafa, na kumweka wa pili juu ya wa kwanza. Uchunguzi huu unaelekeza kwingine. Kwa kuufuata ugonjwa bila kuuelewa, H. F. aliwaona waliosukumwa kuwa wachukuzi wa maiti na waliozuiwa barabarani, na akawaachia nafasi ya kudai haki yao. Kwa kuuelewa ugonjwa na kisha kuupandisha ngazi ya ishara, Rieux alipata "sisi" tukufu ambayo ndani yake watu wengi wa mji wake hawamo. Panya walihesabiwa hadi mmoja wa mwisho, 6,231 kwa siku moja. Waarabu wa Oran hawakuhesabiwa, na uchunguzi aliotumwa Rambert bado haujaandikwa.